Silabi Moja

Fundi Kilonzi wa Luthuli, kibanda cha tatu ukipita duka la spika,
aliishika simu yangu
kama daktari aliyeshika mkono wa mgonjwa anayedanganya.
"Imeshiba," akasema. "Humu ndani mnaishi wangapi?"

Wawili.
Mimi, na kaka yangu Onsongo,
aliyeazima simu hii Februari ile ya mahojiano,
akaingiza jina lake, akaingiza nywila yake,
akapata kazi ya kulinda mlango wa jengo la vioo kule Doha,
akaondoka na sanduku la buluu na sweta asiyoihitaji.
Jina lake likabaki.
Duara dogo la kijani, herufi O,
juu pembeni, kama kifungo kilichodondoka shati la mtu.

Kila Jumapili hupiga.
Niko poa, dada. Wali tunakula mpaka unatuchoka.

Lakini kila nikigusa pale pa kutafutia,
niangalie tu bei ya gesi,
aliyoyatafuta yeye usiku hushuka kwanza:

mguu kuvimba kwa kusimama
mguu kuvimba dawa bila daktari
mwajiri akishika pasipoti
nauli doha nairobi
nauli doha nairobi desemba
chinsaga inauzwa wapi doha

Na mara moja, saa tisa usiku,
kwake na kwangu saa ni ile ile:

sauti ya mvua kwenye mabati

Sikumwambia.
Yeye Jumapili akasema poa, nami nikasema poa,
na mguu wake ukaendelea kuvimba mfukoni mwangu.

Ndipo nikaja Luthuli, nikasema simu inakwama.
Inakwama kweli. Juzi ilikataa kunionyesha tokeni za stima,
tukala gizani, mimi na jirani yangu Nyaboke,
tukitafuta midomo kwa vidole.
Lakini si hilo.

"Mipangilio," Kilonzi akasema. "Akaunti. Huyu hapa.
Gusa mwenyewe. Mimi siondoi watu."

Skrini ikauliza:
Ungependa kuondoa akaunti hii?
Kitendo hiki kitafuta ujumbe, anwani na data nyingine zote.

Kitafuta.
Nilisoma vibaya. Niliona tafuta.
Nikakiona kitendo chenyewe kimeshika tochi,
kinapita Doha mlango wa vioo kwa mlango wa vioo,
kinauliza, hapa nani anaitwa Onsongo,
nani amesimama tangu asubuhi?

Nikasoma tena.
Kati ya kufuta na kutafuta pana silabi moja tu,
na mimi miezi minane nimekaa juu yake
kama paka juu ya ukuta wa watu wawili.

"Dada, kuna foleni."
Nyuma yangu kijana alibeba simu iliyopasuka kioo
kwa mikono miwili, kama yai.

Nikagusa.
Lile duara halikuaga.
Nafasi ikafunguka, gigabaiti nne na nusu,
sijui za nini.
"Mia mbili," Kilonzi akasema. "Unaona? Sasa nyepesi."
Nikaipima kiganjani. Uzito ule ule.

Nje mvua ya Novemba ilikuwa imeanza bila kubisha hodi.
Wauza soksi wanafunika soksi kwa nailoni,
mimi nimebanwa ukutani chini ya kipaa cha mabati cha mshona viatu.
Ilikuwa Alhamisi. Sikungoja Jumapili.

Akapokea na sauti ya usingizi. "Kuna nini? Ni mama?"
Mama yuko, anavuna mahindi. Nauliza mguu.

Akanyamaza,
kimya cha mtu anayehesabu ni nani angeweza kusema.
"Mguu gani?" akasema, lakini polepole.

Sikumjibu.
Niliinua simu juu ya kichwa,
nikaisogeza karibu kabisa na yale mabati,
na mshona viatu akanitazama, sindano mdomoni,
nikaishikilia pale
hadi maji yakanishuka kwenye mkono, yakaingia kwapani,
hadi salio likaisha.